Wauza rangi za akriliki na walimu wa semina za sanaa, mnatuibia mchana kweupe

Wakuu habari za saa hizi, naomba niwe mkali kwenye huu uzi kwa sababu nimekaa kimya vya kutosha na naona vijana wanazidi kupigwa kila siku. Naongelea hizi rangi za akriliki zinazouzwa hapa Dar kwa ajili ya sisi tunaofanya miksi midia, ile kazi ya kupaka rangi nyepesi iliyozimuliwa na maji, juu yake unabandika kolaji, yaani vipande vya karatasi na picha, unachora na penseli au wino, unaweka vipande vya kanga, halafu unarudi tena na rangi nyepesi juu ya hivyo vyote. Rangi tunazouziwa kwa kazi hiyo hazifai kuzimuliwa. Wanaouza wanajua. Wanaofundisha wanajua pia na wananyamaza, kwa sababu seti hizo hizo ndio wanaziuza mlangoni siku ya semina.

Ngoja nifafanue, maana najua kuna watu watakuja kusema ni chuki za kibiashara.

Akriliki ni pigimenti, yaani ule unga wenyewe wa rangi, umechanganywa kwenye maji yenye vichembe vidogo sana vya plastiki. Maji yakikauka vile vichembe vinashikana vinakuwa utando mmoja unaofunga unga ndani yake, na utando ukishakomaa hata upitishe maji juu rangi haitoki. Hapo ndio inatofautiana na zile rangi za maji za shuleni ambazo zinashikwa na gundi ya mti, zile ukizigusa na brashi mbichi hata baada ya mwaka zinaamka upya na kuchafuana. Sisi watu wa miksi midia tunaitafuta akriliki kwa sababu hiyo moja tu: niizimue mpaka karatasi ionekane chini yake, ikauke, nipitishe tabaka la pili, la tatu, la tano, na la chini lisitikisike. Ukiniondolea hilo umeniondolea kila kitu, ni heri ningebaki na rangi za maji.

Sasa kinachofanyika ni kwamba kwenye hizi rangi rahisi plastiki imewekwa kidogo, pigimenti kidogo, halafu imejazwa chokaa ili chupa ionekane nzito. Ukiipaka nzito kama ilivyotoka kwenye chupa huoni tatizo, inafunika vizuri tu, na muuzaji akikuonyesha pale dukani anakupakia nzito. Siku ukiizimua ndio inaumbuka. Badala ya kupata rangi angavu inayopitisha mwanga unapata ukungu mweupe, bluu inakuwa kama imechanganywa na unga wa ngano, na ile plastiki kidogo iliyokuwepo ikigawanywa kwenye maji yote hayo haitoshi tena kushika kitu. Unapitisha brashi ya pili, ya kwanza inaondoka nayo.

Mimi yamenikuta. Nilichukua oda ya kazi kubwa ya mapokezi ya ofisi ya mteja, picha ya bandari, kanvasi imepigwa geso, ile rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi kabla ya kuchora, nikaenda duka ambalo linajinadi kabisa kwamba ni la wasanii nikanunua seti imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni daraja la msanii. Nikazimua, nikamwaga anga na maji ya bahari, nikaacha ikauke vizuri, sikufanya haraka. Narudi kubandika vipande vya kanga na karatasi za stakabadhi za zamani, nikipitisha gundi kwa brashi, anga yote inafumuka, vipande vinalowa bluu, kila nikigusa inazidi kutoka. Kazi niliyoshaipanga kichwani tabaka kwa tabaka ikawa tope. Nikaianza upya, nikaimaliza kwa kupaka nzito kila mahali, yaani nikaharibu kabisa ule wepesi ambao mteja aliupenda kwenye mchoro wa mfano, ili mradi tu isitoke.

Nikarudi dukani. Kwanza nikaambiwa ni maji ya kisima, Dar maji yana chumvi, ndio yameharibu rangi. Nikamwambia nilitumia maji ya chupa. Ikawa brashi, nikamwambia brashi ni mpya. Ikawa geso, na geso nilinunua pale pale kwake! Mwisho akaniambia nimezidisha maji, akriliki haitakiwi kuzidi nusu kwa nusu, na kama nataka kuzimua zaidi nichanganye na gundi nyeupe ya mafundi seremala ili ishike.

Hapa ndio hasira zangu zilipo jamani. Ile kanuni ya nusu kwa nusu tumekaririshwa wote na imekuwa kichaka cha wauzaji kujificha. Golden, wale watengenezaji wa Marekani, wameshafanya majaribio wakayaandika wazi, na kilichoonekana ni kwamba akriliki nzuri inavumilia maji mengi kuliko hiyo kanuni inavyosema. Kwa hiyo tatizo sio maji, tatizo ni kilichomo ndani ya chupa kabla hujaongeza tone la maji. Na ile gundi ya seremala sio mediamu ya akriliki hata kidogo, ikikauka na ikapata maji tena inalainika, kwa hiyo unamwambia mtu mwenye tatizo la rangi kuamka aongeze kitu kingine kinachoamka. Mtu anayeuza vifaa vya sanaa hawezi kuwa hajui hilo. Mediamu zenyewe zipo duniani, ni ile ile plastiki bila pigimenti, unachanganya na maji unazimulia rangi upendavyo na bado inashika, ila dukani kwake hakuna kwa sababu mteja aliyefundishwa mediamu ataanza kuuliza maswali mengine pia.

Halafu kuna la dirisha. Ile kazi niliyoiokoa kwa kupaka nzito ikaning'inizwa ukuta unaotazamana na dirisha kubwa la upande wa baharini. Haikumaliza hata msimu, mteja ananipigia simu kwamba waridi limepotea. Naenda naona kweli, pale palipokuwa na waridi na zambarau pamebaki rangi ya karatasi kuukuu, ila ile kahawia na ile bluu ya giza vipo kama nilivyoviacha. Nililazimika kumrudishia hela yake maana jina langu ndio limeandikwa pale chini, sio jina la duka. Dukani nikaambiwa rangi haina garantii.

Sasa sikilizeni, rangi kufifia sio kudra. Pigimenti zinajulikana kwa namba duniani kote. Kwenye tyubu ya maana unakuta imeandikwa PB29, hiyo ni ultramarini, PB15 ni bluu ya thalo, PR101 ni nyekundu ya oksaidi, PY42 ni njano ya oksaidi, PBr7 ni zile kahawia za udongo, zote hizi zinavumilia mwanga vizuri. Waridi la kudumu pia lipo, PR122 wachoraji wengi wanaliamini. Juu yake unakuta na daraja la uvumilivu wa mwanga kwa kipimo cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, I au II ndio za kufanyia kazi ya kuuza. Chupa zetu hizi zimeandikwa "pink" basi, hakuna namba, hakuna daraja, nyingine hata jina la kiwanda hakuna, na waridi la kung'aa la namna ile mara nyingi ni la "dye" tu, yaani rangi ya kuyeyuka isiyo pigimenti, linakimbia mwanga. Na anayeumia zaidi ni sisi wa rangi nyepesi, kwa sababu tabaka jembamba lina pigimenti kidogo, jua likila kidogo tu hakuna akiba chini yake.

Nakuja kwa walimu. Nilihudhuria semina moja ya kulipia, ukumbi umejaa vijana wametoka mpaka mikoani, mwalimu anasema zimueni na maji mpaka iwe kama chai ya rangi, akaweka kwenye skrini picha ya Helen Frankenthaler, yule mchoraji wa Marekani, ile Mountains and Sea, akasema mnaona huyu mama, akriliki na maji tu, kamwaga imetoka hivi. Ni uongo! Ile ni ya 1952 na ni rangi ya mafuta iliyozimuliwa na tapentaini, akamwagia kwenye kanvasi ambayo haikupigwa geso, ikanyonywa na kitambaa. Akriliki alikuja kuhamia miaka ya 1960. Hata Morris Louis, mchoraji mwingine wa Marekani aliyemfuata kwa staili ile ya kumwaga alikuwa anatumia Magna, akriliki kweli ila ni ya kuzimuliwa na tapentaini sio maji. Hivi ni vitu vya kusoma dakika kumi kabla hujapanda mbele za watu waliokulipa. Na tofauti yake ni kubwa sana kwenye kazi: kanvasi isiyo na geso inanyonya rangi, uzi wenyewe unasaidia kuishikilia hata kama plastiki imepungua, wakati juu ya geso mbaya au hadibodi laini rangi inakaa juu juu, inategemea plastiki yake yenyewe. Wewe unawafundisha watoto wa watu kumwaga kwenye geso kwa rangi ya chokaa, kwa mfano wa kazi isiyo akriliki wala haina geso, halafu wakitoka unawauzia seti. Mimi nauita huo wizi.

Wengi humu tumevutwa na hii njia kwa kuona kazi za Wangechi Mutu wa Kenya, zile kolaji zake juu ya Mylar ambapo wino na rangi vimetuama vikajitengenezea mawimbi. Mylar ni plastiki, hainyonyi kitu. Kijana wa Mbagala akiona vile anataka ajaribu, ana haki ya kujaribu, anachukua hela ya nauli na ya kula ananunua hizo chupa, rangi inabanduka kama magamba, anajiona hana kipaji. Nimeona vijana wawili wenye mkono mzuri kabisa wameacha kwa namna hiyo na roho inaniuma mpaka leo.

Na msiniambie ni umaskini wetu. Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi ya mafuta ya kung'aa, zile za kupaka nyumba na baiskeli, juu ya hadibodi, amefariki 1972 na kazi zake zilizobaki bado zinawaka. Rangi ya bei ya chini sio dhambi kama imeandikwa ukweli wake. Kopo la rangi ya nyumba halikudai kuwa daraja la msanii.

Kwa ambao tayari mmenunua, kabla hamjaweka kwenye kazi ya mteja fanyeni hivi. Kata kipande cha kanvasi yenye geso, zimua kila rangi kwa kiwango unachotumia kweli, paka, acha siku kadhaa sio saa kadhaa, halafu chukua kitambaa cheupe kibichi sugua. Kitambaa kikitoka na rangi hiyo chupa iwe ya kuchezea tu. Kipande kingine kifunike nusu kwa karatasi nene nyeusi, kibandike dirishani kwenye jua ukisahau miezi miwili mitatu, ukifunua utaona mwenyewe ipi imekimbia. Na angalia ikiwa nyepesi, kama ina ukungu mweupe na haikuandikwa kwamba ina nyeupe ndani, hiyo ni chokaa.

NYONGEZA: Nimesoma michango. Mkuu uliyesema "acha kulia, nunua za bei kubwa", za bei kubwa nimeshanunua, tyubu yenye nembo ya kampuni maarufu, bei ya kuvunja moyo, nikakuta imefumuka vile vile, nikailinganisha na ya kweli aliyoniletea ndugu yangu kutoka nje, herufi za lebo tofauti, namba za pigimenti hakuna. Imechakachuliwa. Kwa hiyo bei sio kinga. Bidhaa bandia zina Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 na kuna Tume ya Ushindani inayoisimamia, mimi tyubu yangu na risiti nimetunza na naipeleka.

Dada uliyeuliza kama vanishi inaokoa: vanishi yenye kinga ya jua inapunguza kasi ya kufifia, haizuii, na ukipaka vanishi ya maji kwa brashi juu ya rangi iliyozimuliwa isiyoshika utaiburuza yote. Nyunyizia kwa mbali kwanza, tabaka jembamba jembamba, iache ikauke kati yake. Na kama umetumia oili pastel, zile chaki za mafuta, humo ndani, iwe ya mwisho, akriliki haikai juu ya mafuta na nta.

Wauzaji mliomo humu, na najua mmo, nawauliza waziwazi mjibu hapa hapa: nani kati yenu ana akriliki yenye namba ya pigimenti na daraja la mwanga kwenye kila tyubu, na nani ana mediamu ya kuzimulia dukani leo? Weka picha ya lebo, mbele na nyuma. Wasanii mnaojua duka la namna hiyo, iwe Dar, Arusha, Mombasa au Nairobi, andikeni mtaa na picha ya lebo ili watu wapate pa kwenda.