Mdudu anayekimbia kwenye mchanga wa Malagarasi, ni nani huyu?

Mwana Uvinza: Wakuu habari zenu. Huku Uvinza maji ya Malagarasi yameshuka mchanga umetokeza pembeni, sasa kuna kamdudu kana miguu mirefu myembamba, macho yametoka nje, mgongoni mabaka meupe, ukikasogelea kanatimua mbio kanasimama ghafla kanatimua tena, ukikakazania kanaruka kanatua mbele hapo hapo. Mbona kanasimama simama? Na vile vitundu vya duara mchangani ni vyake? Watu wanasema kana sumu.

Baharia KGM: Huyo ni mbawakawa wa familia ya Cicindelidae mkuu, wako spishi zaidi ya 2,000 duniani na wengi wanapenda mchanga wa mito kama huo. Kusimama sio uoga, yani mbio zake zinazidi macho, akikimbia haoni vizuri kwahiyo lazima asimame aangalie windo liko wapi ndo aendelee. Kuna wa Australia, Rivacindela hudsoni, alipimwa mita 2.5 kwa sekunde, mdudu! Sumu ya kumdhuru mtu hana, ila ukimbana kwa vidole anang'ata, taya zake ni kali.

Mama Shamba Tabora: Vitundu kama ni safi, vya duara na vinashuka wima basi vingi vitakuwa vya watoto wake. Buu anaziba mdomo wa tundu kwa kichwa, sisimizi akipita anamdaka anashuka naye chini, na mgongoni ana nundu yenye vikulabu anavyojishikilia ukutani asivutwe nje. Vile vya faneli kwenye vumbi kavu ni vya mdudu mwingine kabisa.

Mwana Uvinza: Duh, sasa hapo ndo malori yanapochota mchanga wa kujengea na ng'ombe wanashukia hapo hapo kunywa maji.

Mama Shamba Tabora: Hilo ndo linaniuma ndugu yangu. Mkubwa ataruka aende zake, buu hana pa kwenda, anakaa kwenye tundu moja miezi na miezi, koleo likipita kizazi kizima kimeondoka na wala hakuna aliyeona kitu. Ongea na wachimbaji wachote upande mmoja tu, ule wenye vitundu wauache.

Baharia KGM: Na tupia picha mkuu, nenda jua likishachomoza vizuri mchanga upate joto, inama, sogea taratibu, kivuli chako kisimfikie.