Hana deni la mtu, lakini nyumba kanyimwa. Hii ni haki?

Mleta mada, Dallas
Wadau, nisaidieni. Binamu yangu alifika kutoka Mwanza, anafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Mshahara wake unafika mara tatu ya kodi, kama wanavyotaka hapa. Tukaomba nyumba, tukalipa dola 75 za maombi zisizorudi. Siku ya pili jibu: hakuna historia ya krediti, yaani kumbukumbu za kukopa na kulipa.

Sio mbaya. *Hakuna*. Alama za FICO, kipimo cha hapa Marekani cha uaminifu wa mkopaji, zinaanzia 300 hadi 850, na mtu hapati hata hiyo 300 mpaka awe na akaunti ya mkopo iliyotimiza miezi sita. Yaani aliyekopa akalipa ni mwaminifu, asiyekopa kabisa ni mshukiwa. Kwetu mtu asiyedaiwa tunamsifia!

Miezi 14 alipanga chumba kwa mama mmoja Mkongo, akilipa kila tarehe mosi bila kukumbushwa. Hakuna palipoandikwa. Angechelewesha malipo ya kadi ya mkopo ya duka siku 30, ingeandikwa na kukaa miaka saba. Msimamo wangu: kipimo hiki kinampima mkopaji, hakimjui mpangaji. Nipingeni.

Mwenye Milango Miwili
Nakupinga. Mimi Mkenya, niko Arlington, nina nyumba moja ya milango miwili. Upande mmoja naishi, mwingine napangisha. Benki inataka pesa yake niwe nimelipwa au sijalipwa.

Kuna mtu nilimchukua kwa sababu alinisalimia vizuri, mtu wa nyumbani. Miezi minne hakulipa. Nikaenda mahakamani, nikapoteza siku za kazi, na alipotoka aliniachia friji imejaa nyama, umeme umekatwa, mwezi wa saba, Texas. Tangu siku hiyo naangalia alama kwanza, salamu baadaye.

Lakini nikubali jambo moja: asiye na historia na mwenye historia chafu si mtu mmoja. Mimi huomba hati za mshahara na namba ya aliyempangisha mwanzo. Kampuni kubwa hawana muda huo, kompyuta ikikataa binti wa ofisini anakusomea tu.

Na wewe bwana, mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini mwenyeji ulikuwa wapi miezi 14? Kuna kadi za dhamana: unaweka dola 200, unapewa kikomo cha 200, ananunua mafuta ya gari, analipa yote mwisho wa mwezi. Hukumwambia?

Dada wa Fort Worth
Kaka wa Arlington umesema nusu. Alama zangu zilikuwa 710. Mdogo wangu, tumbo moja, akaniomba nimsainie mkopo wa gari. Akalipa miezi sita, akahamia jimbo jingine, gari likaja kuchukuliwa na winchi. Nikaporomoka hadi 540.

Sahihi ni yangu, simlaumu mtu. (Yeye namlaumu kidogo.) Ila miaka mitano sasa sijachelewesha kodi hata siku moja, na kila nikihama naanza kujieleza kama mwizi. Historia ya kulipa ni asilimia 35 ya alama za FICO, lakini kodi ya nyumba kwa kawaida haimo, mpaka mwenye nyumba apeleke taarifa kwa kampuni za ripoti za krediti. Kaka, wapangaji wako wanaolipa vizuri, umewahi kuwapelekea taarifa?

Mwenye Milango Miwili
Hapo umenishika, dada. Sijawahi. Hata sikujua nianzie wapi.

Mtu wa Kayole
Huku Nairobi tuna CRB, kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji, na TransUnion hiyo yenu ni mojawapo. Ukiwa na rekodi mbaya itakuumiza ukitafuta mkopo, au kazi ya serikali wakitaka cheti cha CRB. Lakini landilodi wa ploti hana habari nayo. Anataka dipoziti na kodi ya mwezi, basi. Ukifika tarehe kumi hujalipa, unarudi jioni unakuta kufuli juu ya kufuli lako, na sufuria ya watoto iko ndani. Huyo hana kompyuta, na hana mswalie Mtume. Nyinyi angalau mnaambiwa sababu.

Mleta mada, Dallas
Kweli tunaambiwa. Sheria ya mwaka 1970 inamtaka aliyekukataa kwa sababu ya ripoti ya krediti akutajie imetoka kampuni gani, na una siku 60 za kuiomba bure. Tuliiomba. Ukurasa karibu mtupu: jina, na anwani ya yule mama Mkongo. Maisha yake yote Marekani, mistari miwili.

Kuhusu kadi, mzee, nimekosa. Nilimwambia akae mbali na madeni, nikajiona namlea vizuri. Jana ameweka hizo dola 200, akanunua sabuni na soda. Yule mama ameuza nyumba, kwa hiyo kijana analala sebuleni kwangu, na kwa kuwa ni wa zamu ya usiku, watoto wangu wanaangalia katuni bila sauti.

Mzee wa Arlington, ule mlango wa pili una mtu?