Jiko la chuma cha kusubu: hewa nimefunga, moto bado unanguruma

Mpasha Nyumba: Wakuu, habari. Nina jiko la kuni la zamani, jina la mtengenezaji limefutika. Nikifunga matundu yote ya hewa, moto haupungui. Bamba la ndani, lile la juu ya moto, lina ufa. Nitengeneze au ninunue jipya?

Fundi Dohani: Usinunue kwanza. Hiyo ni hewa ya wizi, inapenya kwenye mianya. Jiko likiwa limepoa, banisha karatasi mlangoni kisha ivute, pande zote nne. Inapotoka kirahisi, kamba ya mlango, ile inayoziba mwanya wa pembeni, imekufa. Ng'oa ya zamani, sugua mfereji kwa brashi ya waya, paka gundi inayostahimili moto, laza kamba mpya ya unene uleule. Usiivute unapoilaza, ikivutwa inakonda na kuacha mwanya.

Halafu subiri giza, weka taa ndani ya jiko, kagua maungio. Majiko haya ni mabamba yaliyofungwa kwa boliti, na saruji inayostahimili moto inaziba katikati. Chuma kikitanuka na kusinyaa, saruji inapukutika. Mwanga ukipenya sehemu moja, kwangua uzibe upya. Ukipenya kila upande, fungua jiko lote bamba kwa bamba, uliunge upya. Nati zilizoshika kutu zikate tu, kuzilazimisha kunapasua masikio ya bamba, pale boliti zinapopita.

Mzee wa Kalibu: Kuhusu ufa: bamba la ndani hubadilishwa, usihangaike kulichomelea. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, na ukikichomelea kikiwa baridi kinapasuka tena pembeni ya mshono. Tafuta namba iliyosubiwa nyuma ya jiko au kwenye bamba lenyewe. Likiwa Jøtul la Norwei au Morsø la Denmaki, kampuni zote mbili za tangu 1853, namba hiyo ndiyo ya kuagizia kipuri. Ufa ukiwa bamba la nje, usiwashe kabisa, moshi wenye sumu utaingia ndani.

Mpasha Nyumba: Asanteni. Karatasi inatoka upande wa bawaba tu, kamba bado nzima.

Fundi Dohani: Basi pini za bawaba zimelika, mlango umelala. Badilisha pini kwanza. Ukikimbilia kamba nene, mlango utagoma kufunga upande wa komeo. Na ukishaziba saruji, washa moto mdogo mara mbili tatu, jiko lipoe kabisa kila mara; maji yaliyomo yakichemka ghafla, saruji inatoa mapovu na kubanduka.