Tupeane uzoefu: programu iliyorudi bila kukukumbuka

Mchapaji wa Kadutu (Bukavu)
Bandugu, tuelezane. Fundi amepiga fomati, au programu imejisasisha usiku, asubuhi unaifungua haikujui. Naanza mimi. Nachapa barua na vyeti vya watu, na kwa miaka 9 nimeifundisha Word, programu ya kuandikia, vifupi vyangu: nikiandika jss inaleta « Je soussigné » (mimi niliyetia sahihi hapa chini), nikiandika rdc inaleta jina zima la nchi. Juma lililopita Windows ilikwama, fundi akaiweka upya, akaniapia: "Mama, kila kitu kipo." Kweli, barua zote zipo. Lakini jss inabaki jss, na majina ya watu, kila Cirhuza na kila Nabintu, yamepigiwa mstari mwekundu kama makosa. Mteja amesimama mlangoni, mimi nadonoa herufi moja moja kama kuku.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)
Pole mama. Yangu ilikuwa klavie, ile ya kubonyezea herufi. Windows mpya ilikuja na mpangilio wa QWERTY, wa Kiingereza, kompyuta yangu ni AZERTY, ya Kifaransa. Nabonyeza A inatoka q, nabonyeza M inatoka nukta-mkato, na neno la siri la barua pepe linaonyesha vidoto tu, kosa utalionea wapi? Nililipa fundi anibadilishie klavie nzima! Wa pili akagusa alama ya lugha kule chini kulia, akachagua Kifaransa, akakataa hata pesa ya soda.

Dada Viazi (Goma, soko la Virunga)
Simu ilijaa, nikaondoa programu ya madeni, kisha nikaipakua tena. Tupu! Kwenye Android ukiondoa programu inaondoka na vyake vyote, labda kama nakala ilikuwa kwenye akaunti. Wadaiwa wangu walifurahi sana. Sasa ni daftari.

Fundi wa Birere (Goma)
Mama wa Kadutu, ngoja kwanza. Kama mwenzangu hakufuta diski, fungua diski C uangalie folda Windows.old, ndimo Windows ya zamani inapowekwa. Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10, kwa hiyo usichelewe. Ndani yake ingia Users, jina lako, AppData, Roaming, Microsoft, Office. AppData, folda ambamo programu zinaweka kumbukumbu zao, imefichwa, washa kwanza kuonyesha vilivyofichwa. Tafuta faili MSO1036.acl, ndilo lenye vifupi vyako, 1036 ni namba ya Kifaransa. Funga Word, ulinakili kwenye folda kama hiyo ya Windows mpya.
Sisi mafundi tunabeba barua na picha, AppData tunaiacha kwa sababu haionekani. Nilimfanyia hivyo mteja mmoja wa Ndosho, mpaka leo tukikutana anavuka barabara.

Mtu wa Linux (Bukavu)
Mimi natumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na /home yangu, folda ya vitu vyangu vyote, iko kwenye sehemu yake ya diski. Naweka mfumo upya, nakuta hata picha ya ukutani ni ileile.

Mwalimu wa Katuba
Tulijua utakuja.

Mchapaji wa Kadutu
Leo ni siku ya 8 na folda ipo! Nimeandika jss, nikagusa nafasi, « Je soussigné » hiyo hapo. Nimepiga kelele mpaka jirani wa unga akaja kuuliza nani amekufa. Ila Nabintu bado ana mstari mwekundu, fundi.

Fundi wa Birere
Hiyo ni kamusi yako, iko folda ya jirani: rudi Microsoft, ingia UProof, faili CUSTOM.DIC. Kimbia mama, zimebaki siku mbili.