Acheni kudanganya watu kuhusu rangi ya kopo kwenye tangi la pikipiki

Wakuu, hili lazima lisemwe, atakayenuna anune. Kila siku inazuka video mpya: jamaa ana makopo mawili, anapangusa tangi kwa tishu, anapuliza, video inakatwa, pikipiki inang'aa kama imetoka kiwandani leo. Chini yake maswali ni "rangi gani hiyo mkuu?" Hakuna anayeuliza tangi lile likoje baada ya mwezi mmoja wa kujaza mafuta.

Hali yake ni hii. Tone la petroli linadondoka pembeni ya kifuniko. Ukilipangusa haraka, kitambaa kinaondoka na rangi. Ukichelewa, rangi inavimba na kukunjamana kama utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Mwenye tangi anakuja kulalamika kwamba kauziwa rangi feki, kumbe rangi haina kosa. Kakosea klia, yaani lile koti angavu la juu kabisa linalolinda rangi, na aliyemfundisha hakumwambia.

Klia ya kawaida ya kopo, ile yenye alama ya 1K, hukauka kwa thina yake kuvukiza tu. Kinachobaki juu ya bati kinaweza kulainishwa tena na petroli, hata kama kimekaa wiki nzima juani. Klia ya 2K ina hadena, yaani kigumishi, kwenye kibweta chake ndani ya kopo. Unabonyeza kitufe cha chini, unatikisa dakika mbili, hadena inashikana na klia kikemikali, na ikishakomaa inastahimili petroli. Kwa tangi, hakuna mjadala. Halafu kuna mdau anajibu kwa kujiamini kabisa: "klia ni klia tu."

Ila mkishauri watu wanunue 2K, malizieni sentensi. Ukishabonyeza kile kitufe huna kopo la kuweka kabatini. Makopo mengi yanaganda ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo tangi, madigadi na kava za pembeni zote ziwe tayari mezani kabla hujabonyeza. Jambo kubwa zaidi, hadena hiyo kwa kawaida ina isosayaneti. Mapafu yakishapata mzio nayo, kiasi kidogo tu baadaye kinaweza kuleta shambulio la pumu. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali pamoja na vya chembe, vichujio vipya, glavu, miwani iliyofunika macho pande zote, na hewa inayopita. Kuna video moja mtu anapuliza 2K chumbani, pua kaiziba kwa kola ya fulana. Huyo ndiye mwalimu wenu.

Sasa maandalizi, ambayo kwenye video huchukua sekunde kumi na kwenye kazi halisi hula sehemu kubwa ya muda wote. Tangi linavuliwa, linamwagwa mafuta, koki na geji zinatolewa, matundu yanazibwa. Lisilo na mafuta si salama. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka, kwa hiyo mashine ya kusagia yenye cheche ikae mbali. Tundu la kifuniko lisipozibwa vizuri, mvuke wa petroli unapanda wakati unapuliza na klia ya eneo lile haishiki kamwe.

Osha kwa maji na sabuni ya vyombo kwanza, kisha dawa ya kuondoa mafuta, KABLA ya msasa. Ukianza na msasa unasugulia nta na silikoni ndani ya mikwaruzo. Matokeo yake ni vile vishimo vya duara ambavyo rangi inavikimbia, na kuongeza rangi juu yake hakuvizibi, kunaviongezea kina. Tumia vitambaa viwili: kimoja chenye dawa, kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla dawa haijakauka. Kwa kitambaa kimoja unahamisha mafuta kutoka kushoto kwenda kulia.

Msasa ni namba 240 kwenye kingo za rangi iliyobanduka, mpaka kidole kikipita kisihisi ngazi. Kisha 400, praima (rangi ya msingi), halafu 600 ya maji kabla ya rangi. Bati lililo wazi linataka praima ya kung'ata chuma au epoksi, lakini puti ya kujazia mabonde usiipake juu ya ile ya kung'ata, itabanduka. Na kabla ya yote hayo, sugua rangi ya zamani kwa kitambaa chenye thina sehemu iliyojificha. Ikilainika, ujue rangi mpya itainyanyua, iondoe yote.

Kunyanyuka huku ndiko kunakojaza malalamiko humu, na jibu huwa limeandikwa ubavuni mwa kopo kwa herufi ndogo: rudia koti (tabaka la rangi) ndani ya saa moja, au subiri saa 24 au 48 kutegemea rangi. Katikati ya hapo koti la chini limekauka juu na bichi ndani. Thina mpya inapenya, inalivimbisha, na uso wote unakunjamana. Watu wanapuliza, wanaenda kula, wanarudi baada ya saa nne kuongeza "koti la mwisho".

Upulizaji wenyewe si mgumu. Tikisa dakika mbili baada ya gololi ya ndani ya kopo kuanza kulia, shika kopo sentimita 20 hadi 25, bonyeza ukiwa nje ya tangi na uachie ukiwa nje, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Koti la kwanza liwe jepesi kiasi cha kuona praima chini yake. Ukitaka lifunike mara moja utapata michirizi. Rangi ya metaliki, ile yenye chembe za kumetameta, haipigwi msasa kabla ya klia. Mpito wa mwisho ni ukungu kutoka sentimita 30 hivi, la sivyo chembe zinalala mistari mistari kama pundamilia. Siku ya unyevu mwingi acha kabisa, klia itakuwa na weupe.

Na makopo mawili yanatosha nini? Tangi, madigadi mbili na kava za pembeni zinataka kama makopo mawili ya praima, mawili au matatu ya rangi, mawili ya 2K, yote ya mililita 400. Anayesema moja na moja anapima kwa macho ya kamera.

Mwingine kaanza kupuliza helmeti kwa rangi hizohizo, anasifiwa. Thina inaweza kudhoofisha ganda la plastiki, hasa polikaboneti, bila ufa wowote kuonekana kwa nje. Video hiyo ifutwe.