Oda imefika pungufu, mgahawa unasema nilikabidhiwa yote. Nijibu nini?

Begi_la_Ntinda
Habari za jioni, wakubwa. Nina mpaka kesho saa 4 asubuhi. Mimi ni rider wa programu ya kupeleka chakula hapa Kampala. Jumamosi usiku nilichukua oda kwenye mgahawa mmoja wa Kisementi kupeleka Naalya: nusu kuku wa kuchoma, chips sahani mbili, kachumbari, soda mbili. Mteja anasema amepata chips na kachumbari tu. Mgahawa umejibu kwamba nilipewa vyote, na akaunti yangu kwenye programu imesimamishwa hadi nijieleze. Mfuko ulibanwa kwa stapla na sikuufungua. Niongee vipi na watu wa mgahawa wakubali kosa bila ugomvi? Pale nitarudi tena na tena.

Mama_Kaunta
Pole, mwanangu. Hilo la kuongea nao ni dogo, kubwa ni namna ya kupokea. Ukifika taja tarakimu nne za mwisho za namba ya oda, usitaje jina la mteja. Akina Grace wawili wanaweza kuagiza dakika moja. Soma risiti kwa sauti, na mpakiaji aguse kila kitu unapokitaja. Hesabu vitu, usihesabu mifuko. Stapla ije baadaye. Ukikuta mfuko umeshabanwa, usiufungue kwa mkono wako. Mwombe yeye aufungue na aubane upya mbele yako, risiti ikiwa juu. Vinavyosahaulika ni vile visivyotoka kwenye moto: soda iko kwenye friji ya kaunta, sosi iko kwenye droo, vijiko viko kwingine kabisa. Uliza hivyo vitatu kila mara, hata kama wanakuharakisha.

Kofia_Ngumu
Mimi naona tatizo liko kwenye begi. Vijana wengi wanabeba begi lililochanika bitana, zipu haifungi, halafu wanashangaa chakula kikilalamikiwa. Kizito kiwe chini, cha majimaji kisimame wima kikibanwa na taulo pande mbili, na chips ziwe juu kabisa, mdomo wa mfuko ukiwa wazi kidogo. Chips zikifungiwa na mvuke wake hulegea kabla hujavuka Ntinda. Luwombo nayo, ile inayopikwa ndani ya jani la mgomba, usiilaze hata siku moja, mchuzi utapita kwenye jani. Na begi lifutwe kila jioni kwa maji ya sabuni, likaushwe likiwa wazi.

Begi_la_Ntinda
Asanteni, ila begi langu ni zima. Swali langu ni mgahawa.

Mzee_wa_Nakawa
Ndugu, kabla ya mgahawa: ulibonyeza "nimechukua" saa ngapi, na ukapewa chakula saa ngapi?

Begi_la_Ntinda
Nilibonyeza nikiwa palepale. Kila mtu anafanya hivyo.

Mzee_wa_Nakawa
Sikuuliza ulikuwa wapi. Nauliza saa. Huduma kwa wateja watakachoanza kutazama ni hizo saa mbili, kwa hiyo afadhali uziseme hapa kwanza.

Begi_la_Ntinda
Nilibonyeza saa 1:12. Chakula nilipewa kama saa 1:40. Mhudumu ndiye aliyeniomba, alisema kuku bado yuko kwenye mkaa na mashine yao inaonyesha wamechelewa. Ningekataa wangeninunia kila nikija. Na katikati hapo nilivuka barabara kuchukua oda nyingine, ya programu nyingine, ya Bukoto, kwa sababu kukaa bure nusu saa ni hasara. Sioni kosa langu liko wapi. Hata hivyo mteja nimeshamtumia 30,000 kwa simu ili atulie, na kesho nitapita kwake nimwombe aandike kwamba tumeelewana.

Mzee_wa_Nakawa
Sasa ndiyo umeanza kusema.

Kubonyeza mapema kumekugeuza shahidi dhidi yako. Kitufe kile maana yake ni "vitu vyote viko mikononi mwangu". Saa ya mgahawa inasimama, yako inaanza, na mteja anaambiwa chakula kiko njiani wakati kuku bado anageuzwa. Dakika zile 28 zimehama kutoka jikoni zikaja kwako. Ukiombwa tena, jibu kwa upole: "Naandika kwenye chati ya programu kwamba oda haijawa tayari, ili nanyi msionekane mmenyamaza." Ujumbe huo una saa yake, unawalinda nyote wawili. Na simama nje kidogo unapobonyeza "nimefika". Chini ya zege la jengo kubwa simu hukosa setilaiti, ramani ikakuonyesha uko mtaa wa pili.

Kuhusu 30,000: umelipa kabla hujajua nani kakosa. Kampuni ikimrudishia mteja na kukukata wewe, umelipa mara mbili.

Mwanasheria_Mtarajiwa
Nyumbani kwa mteja usiende. Anwani na namba yake ulipewa kwa ajili ya kufikisha oda ile tu. Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na kutumia taarifa za mtu kwa jambo ambalo hakuzitolea ni kujiingiza kwenye kesi isiyokuhusu. Akiogopa na kuripoti, ya kuku itasahaulika, utabaki na hiyo.

Begi_la_Ntinda
Siendi kumtisha! Ni mtu mzima, tuliongea vizuri kwenye simu.

Dada_Muyenga
Hata akiwa na moyo mzuri, usiende. Mpe heshima hiyo.

Mkaguzi_wa_Zamu
Uzi huu haunikai sawa. Tuanze na mfuko. Hakuna mpakiaji anayejua kazi atakayeweka soda mbili za baridi na chips kwenye mfuko mmoja wa karatasi. Chupa hutoa jasho, karatasi inalowa, kitako kinachanika kabla hujafika kwenye pikipiki. Kwa hiyo mfuko mmoja uliobanwa ukiwa na vitu vyote haupo. Pili, kuku alichelewa lakini chips hazikuchelewa. Basi mfuko wa chips ulibanwa zamani na kuku akaja peke yake. Mwandishi anatuambia "mfuko ulikuwa umebanwa" kana kwamba ulikuwa mmoja. Ama hakuwahi kubeba oda, ama kuku ameliwa na anatafuta maneno ya kumwambia bosi.

Kofia_Ngumu
Nami nimeanza kushuku. Nusu saa hiyo ni ndefu mno.

Mama_Kaunta
Msimwite mtu mwizi kwa sababu ya hesabu ya mifuko. Mkaa ukipungua moto Jumamosi usiku, nusu saa ni kawaida. Ila hoja ya jasho la chupa ni ya kweli. Mwanangu, ilikuwa mifuko mingapi?

Begi_la_Ntinda
Banange, sijala kuku wa mtu. Niliporudi kutoka ng'ambo, mfuko wa karatasi ulikuwa kaunta na risiti yangu juu. Pembeni kulikuwa na kavera jeusi, yaani mfuko wa plastiki, limefungwa fundo, halina karatasi. Nilidhani ni la yule rider mwingine aliyesimama pale. Nilichukua wenye risiti nikaondoka, nikapitia Bukoto kwanza. Kavera sikuligusa.

Mkaguzi_wa_Zamu
Hilo ndilo ulilopaswa kuandika mwanzo. Naondoa neno langu la kuku kuliwa, nakuomba radhi. Lakini ona: mgahawa ulitoa vyote, nawe hukupokea vyote. Wote wawili mnaweza kuwa mnasema kweli, na kavera liko kwa mtu wa tatu.

Mama_Kaunta
Basi usiende kuwataka wakiri kosa. Mwombe msimamizi vitu viwili: oda zilizotoka kati ya saa 1:30 na 1:45, na kipande cha risiti cha jikoni cha oda yako, kile chenye alama ya kalamu kila kitu kinapotoka. Kamera ya kaunta kama ipo, mwombe aitazame yeye mwenyewe, usidai nakala. Nenda saa 3 asubuhi kabla jiko halijapamba moto. Kavera likipatikana leo usikubali kulipeleka: kuku aliyepikwa hafai kukaa nje zaidi ya saa mbili, na huyu ana siku nzima.

Mzee_wa_Nakawa
Na maelezo yako kwa kampuni yawe mafupi. Andika: "Nilibonyeza saa 1:12 kwa ombi la mgahawa, nikapokea mfuko mmoja saa 1:40 bila kuhesabu vitu. Kavera lisilo na risiti lilibaki kaunta." Ile 30,000 itaje, pamoja na picha ya ujumbe wa muamala. Oda ya Bukoto pia itaje, maana njia uliyopita inaonekana kwenye ramani yao.

Begi_la_Ntinda
Ya Bukoto lazima?

Mzee_wa_Nakawa
Lazima. Wanaiona tayari.

Begi_la_Ntinda
Sawa, mzee. Naandika sasa hivi, saa 3 nitakuwa pale kaunta.