Wauza hei Mtwara, mnatuuzia ukungu kwa bei ya majani!

Wakuu, salaam. Mwenye roho nyepesi apite tu, leo sina lugha laini.

Natunza farasi wa mzee mmoja hapa Mikindani. Ndiyo, farasi, na si punda aliyerefuka, utani wa hivyo tuumalizie hapo hapo. Anakaa nje mchana na usiku, zizi la wazi chini ya mwembe, kona moja tumemwezekea mabati. Wakati wa mvua hatusumbuani, majani yapo. Balaa linaanza mvua zikishakata mwezi wa 5. Ikifika Agosti porini kote kumekauka au kumechomwa moto, na hapo ndipo tunapoangukia mikononi mwa wauza marobota ya hei, yaani majani makavu yaliyofungwa.

Juzi jamaa kaniletea mzigo na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kwa nje robota safi kabisa, kijani kilichopauka, linanukia vizuri. Nikakata kamba. Katikati majani yamegandana vipande vipande, meusi, na nilipoyabandua likafumuka vumbi la kijivu nikapiga chafya mpaka machozi. Nikaingiza mkono ndani: vuguvugu! Hei yenye joto ndani ni hei iliyofungwa na unyevu, na ikizidi inaweza hata kujiwasha yenyewe na kuteketeza banda. Nikambana. Anajibu bila hata aibu, "Kaka, tunanyunyizia maji kidogo tu yasikatike wakati wa kufunga." Kidogo! Tukaenda kwenye mzani wa jirani anaopimia korosho, robota aliloliita la kilo 20 likasoma 13. Yaani maji katia na kilo bado hazijafika.

Halafu anamalizia, "Mbona ng'ombe wa watu wanakula?"

Hapo ndipo nilipopandisha. Kwanza hata ng'ombe hastahili uozo huo. Pili, ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na anacheua. Farasi hacheui, na kutapika hawezi, akishameza kitu kibaya hakina njia ya kurudi. Ukungu unamshika mapafu, anakohoa na kutanua pua hata akiwa amesimama tu. Ukimshika tumboni ni msokoto, anajibwaga chini, anagaragara, anageuka kutazama ubavu wake, na daktari wa mifugo anayejua farasi huku kwetu utamtoa wapi usiku? Tena tumbo lake ni dogo, kwa hiyo anatakiwa atafune kidogo kidogo karibu muda wote. Farasi wa kilo 400 anahitaji kama kilo 6 hadi 8 za majani makavu kwa siku. Sasa nikitoa sehemu iliyooza kwenye hizo 13, kinabaki nini? Na siwezi kumbadilishia chakula ghafla eti kwa sababu fundi wa maji kaniharibia mzigo, kubadilisha kunataka wiki nzima na zaidi, unachanganya taratibu.

Wapo wabaya zaidi: wanaofyeka chini ya mikorosho msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Mkulima kapuliza alfajiri, jani zima lina unga wa njano, jamaa anapita na fyekeo lake anafunga robota. Salfa ikizidi ni sumu kwa mifugo, na wote tumekulia kwenye mikorosho, asijifanye mtu hajui unga ule ni nini.

Na mchanga je? Majani yanakokotwa chini, yanafungwa na mchanga wake. Udongo wetu wa pwani mnaujua. Asiyeamini achukue mavi mabichi ya farasi, ayavunje kwenye ndoo ya maji, akoroge, aache yatulie, kisha amwage maji polepole apapase mchanga uliotulia chini ya ndoo. Mimi namlishia kwenye pipa lililokatwa nusu, juu ya turubai, ili asilambe ardhi. Kazi yote hiyo, halafu mchanga unaniletea wewe mwenyewe ndani ya robota!

Kinachoniuma ni kwamba watu hawa hawa msimu wa korosho ukifika wanapeleka magunia chama cha msingi, ushirika wa wakulima. Kule zikionekana mbichi au zina mchanga, unaambiwa rudi ukaanike, na mtu anarudi kuanika kimya kimya. Kwenye majani ndiyo ghafla hajui kuanika?

Najua watakuja wa "mpe mabibo" na wa "mtundikie majani kwenye wavu chakavu wa wavuvi". Mabibo yenyewe bado, na yakija yanachacha ndani ya muda mfupi tu. Wavu wa samaki kwa mnyama anayepigapiga mguu chini ni mtego, kwato ikinasa kavunjika. Mbaki nayo.

Kuanzia sasa nachagua robota mwenyewe, nalifungua mbele yako, napima, ndipo nalipa kwa kilo. Kama kuna mtu Masasi, Lindi au popote anayekata mapema, mwezi wa 5 au wa 6 majani yakiwa yanatoa maua, anakausha vizuri na kuhifadhi chini ya paa, aniandikie pembeni. Hela ipo.

Na yule wa kirikuu, najua unasoma humu. Marobota yako yapo nje ya geti. Njoo uyabebe na hela ya mzee uje nayo.